Marimba ya Shimoni, Busoga

Msafiri aiachaye Jinja kwa barabara ya Iganga hufika Wanyange upesi. Toka kilimani huliona Ziwa Victoria, na mashamba ya miwa ya Kakira. Ng'ambo ya miwa, katika vijiji vya Busoga, huchimbwa shimo, vikalazwa vigogo vya migomba, na juu yake zikapangwa mbao za embaire, marimba ipigwayo na watu sita au zaidi. Shimo ndilo likuzalo sauti. Mmoja hupiga, mwenzake wa upande wa pili hujaza pengo, kwa nidhamu ambayo hata bendi ya jeshi ingeiheshimu.

Kikundi cha Nakibembe kilitoa santuri mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina hilo kwa Kiganda ni hamu ya kucheza ngoma, Mswahili asilitamke mbele ya wakwe.)

Mgeni wa jazi ajaye na saksafoni yake hupata taabu. Embaire ina sauti tano zilizoachana karibu sawasawa, na piano haizijui. Saksafoni yaweza kulegeza midomo ikazifuata, piano haiwezi. Hata hivyo, ziko shule Uganda ambazo tayari huchonga marimba zake zifuate piano.