Kupanga Nyumba ya Shamba katika Bonde la Dordogne

Wafaransa wengi wa mijini, wapatapo likizo ya kiangazi, hawaendi kulala katika hoteli. Hupanga nyumba nzima shambani kwa juma moja au mawili, wakapika wenyewe, wakaosha vyombo wenyewe, na siku ya kuondoka wakaifagia nyumba na kumrudishia mwenyewe ufunguo wake. Nyumba ya namna hiyo huitwa gîte. Asili ya neno hilo ni mahali pa kulala tu. Hata pale sungura anapojilaza nyasini huitwa hivyo hivyo. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa gîte hupewa jembe lake tangu siku ya kwanza, tena hulilipia.

Yafaa ijulikane ya kuwa desturi hii haikuanza kwa ajili ya anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa mashamba walikuwa wakihamia mijini kwa wingi, na nyumba za mawe walizojenga babu zao zikabaki tupu, mapaa yakibomoka. Na huko mijini walikuwako wafanyakazi ambao sheria ya mwaka 1936 iliwapa majuma mawili ya likizo yenye mshahara, walakini hawakuwa na fedha za hoteli. Bwana Émile Aubert, seneta wa jimbo la milimani lililoitwa Basses-Alpes, aliona ya kuwa haja hizo mbili zaweza kukutana chini ya paa moja. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa katika jimbo lake, huko Chaudol, mwaka 1951, na mwaka 1955 ukaundwa ushirika wa nchi nzima uitwao Gîtes de France. Ushirika huo ungaliko, na hupima ubora wa nyumba zake kwa masuke ya ngano, tangu moja hadi matano.

Atakaye kuona desturi hii inavyofanya kazi karibu na vijiji vya kale, na aende bonde la mto Dordogne, kusini-magharibi ya Ufaransa, katika nchi ambayo wenyeji wake bado huiita Périgord. Hapo vijiji vimekaribiana hata mtu aliyepanga nyumba moja aweza kuvitembelea vyote na kurudi kupika chakula cha jioni. La Roque-Gageac imebanwa kati ya mto na jabali refu; nyumba zake za mawe ya rangi ya asali zimeegemea mwamba wenyewe, na mwaka 1957 kipande cha mwamba kiliporomoka kikaua watu watatu. Domme, iliyo juu ya kilima, ni mji uliojengwa kwa amri ya mfalme Philippe wa Tatu mwaka 1281, na malango yake yangaliko.

Walakini kinachoshangaza zaidi ni ngome mbili, Beynac na Castelnaud, zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Mwaka 1152 Aliénor, mwenye nchi ya Aquitaine, aliolewa na Henry Plantagenet, naye Henry alipokuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154, nchi hii ya Ufaransa ikaingia katika magomvi ya wafalme wawili. Katika Vita vya Miaka Mia, vilivyoanza 1337 na kwisha 1453, Beynac ilishikamana na mfalme wa Ufaransa, na Castelnaud mara nyingi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Siku hizi Waingereza wamerudi bondeni, wala si kwa mishale, wamenunua nyumba.

Soko kubwa liko Sarlat, siku ya Jumatano na Jumamosi. Mji huo ulikuwa ukichakaa, ukaokolewa na sheria ya mwaka 1962 ya kulinda mitaa ya kale, iliyoletwa na waziri André Malraux. Hapo ndipo jiko la gîte linapoleta faida ambayo hoteli haina: mgeni hulazimika kuuliza bei, kuonja jibini ya mbuzi, kununua jozi na mafuta yake, na kuelezwa na mwenye kuuza jinsi ya kupasha moto bata aliyehifadhiwa katika mafuta yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, saa moja sokoni hufundisha zaidi ya ngome tatu.

Hata hivyo wageni nao ni mzigo. Karibu na Montignac liko pango la Lascaux, lenye picha za wanyama zilizochorwa maelfu ya miaka iliyopita. Liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watu mwaka 1948, na kufikia 1963 ilibidi kulifunga, kwa kuwa pumzi za watazamaji zilikuwa zikiharibu picha. Vijiji navyo vina pumzi zake. Mwezi wa Agosti barabara za Domme hujaa. Mwezi wa Januari madirisha mengi yamefungwa, na kijana wa hapo atakaye kuoa huona bei ya nyumba imempita. Nyumba iliyonunuliwa na mtu wa mbali ili ipangishwe tu si sawa na ile aliyoikusudia Bwana Aubert, ambayo mwenyewe ni mkulima anayeishi ng'ambo ya ua, na kodi humsaidia abaki.

Basi mwenye kupanga na aulize kwanza ni nani mwenye nyumba, na anaishi wapi. Kadhalika aulize habari za shuka, maana mara nyingi mgeni huja na zake au huzilipia mbali. Upangaji wa kiangazi huanza Jumamosi alasiri, na maduka mengi ya vijijini hufungwa Jumapili mchana na Jumatatu, hivyo mkate na ununuliwe njiani.