Majani Yana Kipimo

Mimi ni kijana wa Bukavu, lakini nimeshakaa Nsambya miaka kumi na moja, kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza ninatoka wapi ninasitasita kidogo. Tunaishi chumba kimoja, kile Waganda wanachoita muzigo, mama, dada zangu wawili na mimi. Kazi yangu ni ya vijana wakimbizi. Jioni tunafundishana Kiingereza, Jumamosi tunacheza mpira, na siku nyingine ninamsindikiza mtu ofisini kuulizia karatasi zake. Leo nataka kueleza jambo ambalo hata vijana wangu sijawaambia: jinsi nilivyosomea tiba asilia kwenye chuo kikuu kimoja kidogo cha binafsi, na kwa nini niliacha.

Nyumbani kwetu majani hayakuwa kitu cha ajabu. Bibi yangu alikuwa na mubirizi nyuma ya nyumba, ule mti mchungu ambao hapa Kampala wanauita mululuza. Mtoto akiumwa tumbo, mubirizi. Mtu mzima akiwa na homa, mubirizi. Baba naye alifanya kazi kwenye shamba la kinkina, mti wa kwinini. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, Wabelgiji ndio waliuleta Kivu. Baba alikuwa anabandua maganda, yanaanikwa, yanakwenda kiwandani Bukavu kutolewa kwinini. Mikono yake ilikuwa michungu hata baada ya kunawa. Mimi nilikua nikiamini kwamba dawa ni kitu kinachoota, na mzungu anakiweka tu kwenye paketi.

Basi nilipomaliza S6 na kuona tangazo la masomo ya afya ya asili, moyo ulinidunda. Mama alikuwa ndiyo zamu yake kupokea likelemba, shilingi milioni moja na laki nne, pesa aliyotaka kununulia vitenge vya kuuza. Aliniuliza swali moja tu:

"Iyo shule iko na karatasi ya serikali?"

Nikamjibu, "Mama, ni chuo kikuu." Akanyamaza, akanipa pesa.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa mbili, duka la simu chini, na nyuma bustani ndogo ya mitidawa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Nilidhani nitafundishwa majani kuanzia siku ya kwanza. Kumbe wapi! Mifupa, damu, ini na figo. Usafi wa maji. Chakula cha mtu mwenye sukari, chakula cha mtu mwenye presha. Mwalimu wetu mmoja, mzee wa Kiganda, alitulazimisha kujifunza majina ya mimea kwa Kilatini, maana alisema jina moja la kijijini linaweza kuwa la miti mitatu tofauti, na mmoja kati ya hiyo mitatu unaua. Mubirizi wangu ulikuwa Vernonia amygdalina. Nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu yake ana kitambulisho.

Shida ni kwamba habari zilisambaa kwenye uwanja wetu. Majirani wakaanza kuniita "musawo", yaani daktari. Nilicheka, lakini sikuwakataza. Ilikuwa tamu. Mkimbizi anaitwa majina mengi, hilo sijawahi kuitwa kabla.

Siku moja jioni mama mmoja jirani, mtu wa Uvira, akanijia na kijana wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa wa moto, hataki kula. Akaniambia, "Musawo, tusaidie, sina pesa ya kliniki." Ningemwambia aende kituo cha afya cha serikali, ambako kumpima mtoto malaria si pesa. Nilikuwa ninajua hilo vizuri, maana ni kazi yangu kuwaelekeza watu. Badala yake nikachuma mululuza, nikaponda, nikakamua, nikampa nusu kikombe. Nusu kikombe nilikitoa wapi? Hakuna aliyenifundisha. Bibi alikuwa anampa mtoto kikombe, mimi nikaona nusu ni kuwa mwangalifu.

Saa nane usiku waligonga mlango. Mtoto alikuwa na degedege. Sitaki kuieleza sana. Tulipanda boda wanne, dereva, mama, mtoto na mimi, na njia nzima huyo mama hakuniambia neno. Hospitali wakamtoboa kidole: malaria, tena kali. Wakamchoma sindano. Asubuhi alifungua macho akaomba chai. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye saruji, nimeshika ndala zake mbili.

Nesi wa zamu alipotoka nikamuuliza sindano ile ni nini. Artesuneti, akasema. Sikuongeza swali lingine, nilikuwa ninaona aibu.

Wiki hiyo nilimweleza mzee wetu yote. Hakunigombeza. Aliniuliza kama ninajua artesuneti inatoka wapi. Sikujua. Akasema inatoka kwenye jani. Kuna mmea wa China unaitwa Artemisia annua, watu wa kule waliutumia kwa homa tangu zamani sana. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale, akajaribu njia nyingi za kutoa dawa ndani ya jani hilo bila kuiunguza kwa moto, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kutoka kwenye dawa hiyo ndipo artesuneti inatengenezwa. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mwenye malaria kali apewe hiyo mbele ya kwinini. Na shirika hilo hilo, mwaka 2019, limesema halikubali watu watibu malaria kwa kunywa chai ya jani la Artemisia, kwa sababu chai ya leo na chai ya kesho hazina nguvu sawa. Dawa ikiwa ndogo mno, vimelea havifi, vinazoea.

"Kwa hiyo jani linafanya kazi au halifanyi?" nikamuuliza.

"Linafanya," akasema. "Lakini wewe hukumpa mtoto dawa. Ulimpa kitu ambacho hujui ni kiasi gani."

Nilimfikiria baba na maganda yake. Wao hawakumpa mgonjwa ganda. Walilipeleka kiwandani, likapimwa, ndipo kikatoka kidonge ambacho kila kimoja ni sawa na mwenzake. Hapo katikati, kati ya mti na kidonge, ndipo palipokuwa na kazi yote, na mimi nilikuwa ninaparuka.

Swali hilo la kipimo halikuniacha tena. Muhula wa pili ulipokaribia, kuna msaada wa karo niliotaka kuomba, nao wakataka uthibitisho kwamba masomo yangu yanatambuliwa. Nikaenda ofisini kwa chuo. "Tunashughulikia." Wiki iliyofuata, "Faili iko mbele." Mwisho nikaenda mwenyewe Kyambogo, kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambalo ndilo linaloidhinisha vyuo na pia kila programu ndani ya chuo. Watu wengi hatujui hilo la pili. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali kabisa, lakini programu unayosomea haimo kwenye orodha. Yangu haikuwemo.

Nilirudi Nsambya kwa miguu kutoka mjini, ili nichelewe kufika. Nilipomwambia mama, hakusema "nilikuuliza". Alisema, "Kesho unisaidie kubeba vitenge." Nilibeba. Nimebeba miezi saba, na hiyo pesa bado sijaimaliza kuirudisha.

Siandiki haya ili kumcheka mtu anayetaka kusomea tiba asilia. Mzee wetu alikuwa mwalimu wa kweli, na ninayojua juu ya figo na juu ya sukari nimeyapata kwake. Uganda ina Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya 2019, ambayo inataka waganga waandikishwe, na Wandegeya iko maabara ya Wizara ya Afya inayochunguza mitidawa. Si kazi ya kuonea aibu. Hata hapa Nsambya, Mama Kevin na masista wenzake walipofika mwaka 1903 walianza kutibu watu chini ya mwembe. Hospitali ya leo ilikuja baadaye.

Lakini kijana unayesoma haya Nakivale au Kyangwali, kabla hujatoa pesa ya likelemba ya mama yako, omba kuona programu yenyewe kwenye orodha ya NCHE, na uangalie tarehe ya kibali isiwe imeisha. Cheti chako cha Kongo kilinganishwe kwanza UNEB. Uliza mtu aliyemaliza hapo sasa anafanya kazi wapi. Na ninyi wa mashirika mnaotuletea matangazo ya masomo, tafadhali hakikisheni kwanza, maana sisi tukiona karatasi mkononi mwenu tunaamini.

Yule mtoto sasa ana miaka sita, anacheza golikipa. Mama yake alianza kunisalimia tena baada ya muda, lakini "musawo" haniiti, na ni sawa. Mtoto akiwa na homa, ananigongea tu nimsindikize kituo cha afya, hata usiku.

Mwezi uliopita nimeomba nafasi ya kusomea unesi. Mama aliniuliza tena, "Iyo shule iko na karatasi ya serikali?" Nilitoa simu, nikamwonyesha picha ya orodha. Hajui kusoma Kiingereza, lakini aliishika simu muda mrefu, akaniambia nimwonyeshe kwa kidole mahali jina lilipo.