Ngome Mbili Kwenye Barabara ya Malaba

Ukitoka kwetu Kocholia kwenda Nakuru, mwendo wako unaamuliwa na malori ya mpakani Malaba. Ukishapita Bungoma na kukaribia Webuye, kilima cha Chetambe kinajitokeza, na abiria wengi huwa wamekwisha kusinzia. Mimi niliteremka. Nilikuwa naelekea Njoro kuona kasri la lodi wa Kiingereza, na nilitaka kuanza na ngome ya kwetu.

Ya Chetambe ilikuwa ya udongo: handaki lilichimbwa kuzunguka, na udongo uliotoka ukawa ukuta. Mwaka 1895 watu walijifungia humo na mifugo yao kupambana na kikosi cha Waingereza na washirika wao. Ukuta kama ule uliwatosha maadui wa mikuki na mishale. Mbele ya bunduki za kikosi hicho haukufua dafu.

Njoro ni habari nyingine. Maurice Egerton, lodi wa nne wa Tatton, alianza kujenga mwaka 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikamkwamisha, akamaliza 1954. Alikuwa anajikumbusha jumba la ukoo wake, Tatton Hall huko Cheshire, na ndiyo maana hili linaloitwa kasri halina mnara wala handaki. Ni mawe ya kuchonga, nguzo mlangoni, na madirisha mapana yaliyopangwa sawasawa kulia na kushoto. Mwenye madirisha kama hayo hamwogopi jirani yeyote. Alikuwa na serikali nzima ya kumlinda, kwenye ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu. Ndani kuna vyumba zaidi ya 50, ukumbi wa dansi na kinanda kikubwa cha mabomba.

Husimuliwa kwamba mwanamke ambaye lodi alimtaka aliidharau nyumba yake ya kwanza kwa udogo, lodi akamjengea hili, na mwanamke akakataa tena. Tangu hapo lodi akapiga marufuku wanawake kukanyaga kwake. Hadithi ni tamu, ila mimi huipokea kwa tahadhari. Wazee wa Kocholia, wakizunguka chungu cha pombe ya ajon, wangeuliza swali moja tu: vyumba vyote hivyo, na nani alale humo? Lodi mwenyewe alilifaidi jumba lililokamilika kwa miaka minne. Alifariki 1958 bila mtoto, na cheo cha ukoo kikafa naye.

Kilichozaa matunda ni shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 kwa vijana wa Kizungu. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton, ambako wanasoma watoto wetu, na kasri ni mali ya chuo.

Kwa ufundi wa mawe, Njoro imeshinda, sibishani. Kwa kustahili jina la ngome, Chetambe haina mpinzani. Mwalimu unayepanga safari ya wanafunzi kwenda Njoro, simamisha basi Webuye kwanza.