Kikombe cha Dirishani

Nyumbani kwetu Mombasa palikuwa na kikombe cha bati kilichokaa peke yake kwenye dirisha la jikoni. Vyombo vingine vyote vilikaa kabatini: bilauri za shaba, sahani, na vibakuli vya mtindi. Kile cha bati kilikuwa cha watu wengine. Hakuna aliyepata kunieleza maana yake, wala sikuuliza. Mtoto huyajua mambo ya namna hiyo kama aijuavyo ngazi ya nyumba yao gizani.

Sisi tu Wahindu wa ukoo wa Kibrahmini, asili yetu Gujarat. Vitabu vya kale vya dini vyataja matabaka manne: Wabrahmini, ambao kazi yao ni ibada na elimu, Wakshatria, watawala na askari, Wavaishia, wafanyao biashara na kilimo, na Washudra, watumishi wa hao watatu. Chini yao wakawekwa watu walioitwa wasioguswa. Lakini katika maisha ya kila siku mtu huulizwa jamii yake, nazo jamii ni maelfu, kila moja na kazi yake, chakula chake na mipaka yake ya ndoa. Katika Mombasa ya utoto wangu, jina la ukoo lilitosha kumjulisha mtu mzima babu yako alifanya kazi gani, nawe utamwoa binti wa nani.

Nilipotimiza miaka minane nilivishwa uzi mtakatifu, nyuzi tatu za pamba zipitazo juu ya bega la kushoto. Tangu siku hiyo nisile yai, nisiguse kiatu cha mtu, nisiwe wa pili darasani. Nikishindwa hesabu, haikuwa aibu yangu peke yangu, bali ya mababu ambao hata majina yao sikuyajua.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa mtoto wa Kimochi, yaani jamii ya washona viatu. Wao hawakuhesabiwa miongoni mwa wasioguswa, lakini mkono ushikao ngozi ya mnyama aliyekufa haukukaribishwa penye vyombo vyetu. Baba yake alikuwa na kibanda karibu na soko. Nilimwita Kaka, neno ambalo kwa Kigujarati maana yake ni baba mdogo, si ndugu kama katika Kiswahili. Nyanya aliniagiza nimlipe kwa kuweka senti juu ya ubao wake, nisimtie mkononi. Nilifanya hivyo miaka mingi. Naye aliziokota, akaniuliza habari za masomo.

Jioni moja ya mwaka 1966 mimi na rafiki yangu tulirudi kutoka uwanja wa mpira, koo zimetukauka. Nyanya alinijazia bilauri ya shaba, kisha akanyoosha mkono dirishani. Rafiki yangu hakungoja kuambiwa. Alikipokea kile cha bati, akainua uso, akajimiminia maji kinywani kutoka juu pasipo midomo kugusa ukingo, wala tone moja halikumwagika. Nikatambua kuwa alikuwa amefundishwa kwao, kama nami nilivyofundishwa kwetu. Nalikuwa na umri wa miaka kumi. Ningaliweza kumpa bilauri yangu. Nilikunywa.

Na ajabu ni kwamba babu yangu mwenyewe alikwisha vunja sheria hizo. Kuvuka bahari kulihesabiwa na wengi kuwa ni kujitia unajisi. Mohandas Gandhi, mtu wa jamii ya wafanya biashara, alipokuwa akienda London mwaka 1888, wazee wa jamii yake walikutana Bombay wakamtenga, wakatangaza faini ya rupia moja na anna nne kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Babu alivuka bahari hiyo hiyo kuja kutafuta riziki Afrika. Kosa la bahari tulikwisha jisamehe. La ngozi hatukumsamehe jirani.

Nilipokuwa shule ya sekondari nilisoma habari za B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya wasioguswa. Shuleni hakuruhusiwa kugusa mtungi. Tarishi alimmiminia maji kutoka juu, na siku ambayo tarishi hakuwapo alishinda na kiu. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati iliyotunga rasimu ya katiba ya India, ambayo kifungu chake cha 17 kilifuta desturi ya kutoguswa tangu mwaka 1950. Lakini nilipofika penye maji ya kumiminwa, nilifunga kitabu.

Mwaka 1974 nyanya alipooza upande mmoja. Aliyemwuguza ni mama mmoja wa Rabai aliyetufanyia kazi, ambaye naye siku zote alinywea kile kile cha dirishani. Alimwosha, akamlisha, akamshikia bilauri ya shaba mdomoni. Nyanya akanywa, akamng'ang'ania mkono usiku kucha. Asubuhi moja mama yangu alikitoa kikombe cha bati dirishani, akakitia kabatini pamoja na vingine. Hakuna aliyeuliza.

Rafiki yangu wakati huo alikuwa amekwisha hamia Uingereza na wazazi wake. Twaandikiana hata leo: habari za wajukuu, za mvua, za mpira. Habari ya maji sijamwandikia.