Ziwa Ndani ya Injini

Katika mtaa wetu wa Kibenga magari mengi hunywa maji ya Ziwa Tanganyika. Sisemi kwa mafumbo. Maji ya bomba ya Bujumbura hutoka kwa sehemu kubwa ziwani. REGIDESO huyasafisha na kuyasukuma hadi majumbani, na dereva akiona maji ya radiateri yamepungua hufungua bomba la uani akajaza. Sisi pia tunayanywa, wala hatudhuriki. Lakini injini haina figo.

Anayetaka kujua kilichomo katika maji hayo na atazame ndani ya birika la chai la nyumbani kwao. Ukoko mweupe ulioshika kitakoni ni chumvi za kalisi na magnesi. Ziwa hupokea Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenye nchi ya volkano, na mto huo huja na chumvi nyingi. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga, unaoelekea Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Kwa hiyo chumvi imekuwa ikibaki humo kwa maelfu ya miaka. Radiateri nayo imeundwa kwa mirija myembamba sana, na ukoko mwembamba kama kucha unatosha kulizuia joto lisitoke.

Kilichonifanya niandike habari hii ni neno. Mafundi wa Buyenzi, ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi, husema “antijeli”, neno walilolitoa katika Kifaransa, na maana yake ni kitu cha kuzuia kuganda. Tanzania husema kulanti, yaani kitu cha kupoza. Hapa Bujumbura, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna aliyeona maji yakiganda nje ya friji. Mtu akisikia “antijeli” huona anauziwa koti la baridi. Baba mdogo, ambaye hupandisha abiria hadi Bugarama kwa Toyota Corolla ya zamani, aliniambia waziwazi: “Mwanangu, hiyo ni dawa ya Wazungu wenye theluji.” Simlaumu. Jina limemficha kazi mbili ambazo dawa hiyo inazifanya hata penye jua kali: huzuia kutu, na hufanya maji yachelewe kuchemka.

Kuchelewa kuchemka si jambo dogo katika njia ile. Bugarama iko karibu mita 2,200 juu ya bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachookoa ni kifuniko cha radiateri, chenye springi na raba, kinachozuia shinikizo lisitoke ili maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Raba ikichoka, gari huchemka kwenye kona za mlimani, gasketi ya silinda huungua, na maji huingia kwenye oili. Kwa mtu aliyepanga foleni siku nzima kutafuta petroli, kisha gari likamfia njiani na abiria ndani, hiyo ni ada ya watoto iliyopotea.

Kazi yenyewe tuliifanya uani kwetu siku ya Jumamosi. Gari lililala usiku kucha likapoa, maana kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji huruka usoni kama mvuke wa chungu. Chini ya radiateri kuna koki ndogo ya plastiki. Tuliweka beseni, tukaifungua, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochacha. Tukafunga, tukajaza maji safi, tukawasha injini. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kitufe cha kupasha joto ndani ya gari kizungushwe hadi mwisho, la sivyo maji machafu hubaki katika kirejeta kidogo kilicho nyuma ya dashibodi. Nina shaka kama kuna aliyewahi kukigusa kitufe hicho tangu gari litoke Japani! Baba mdogo alicheka tulipotokwa jasho kwa ajili ya kipasha joto, saa nne asubuhi, Bujumbura.

Injini iachwe inguruma mpaka mpira wa juu wa radiateri uwe moto, ndipo unajua themostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Kisha unazima, unasubiri ipoe, unamwaga, unarudia. Sisi tulirudia mara nne. Wako wanaotia siki ili ilainishe ukoko. Inasaidia, ila ikikaa humo muda mrefu hula aluminiamu.

Kwa kujaza mara ya mwisho tulitumia maji ya mvua, tuliyoyakinga kwenye mabati baada ya kuiacha mvua ioshe paa kwanza. Hayana chumvi. Hayo ya chupa yanayoitwa maji ya betri yafaa pia, lakini usome vizuri, kwa sababu chupa nyingine huwa na asidi. Nusu maji ya mvua, nusu antijeli, jumla lita 6 hivi. Kifuniko kiachwe wazi huku injini ikiunguruma polepole na mpira ukiminywaminywa, mpaka mapovu yakome. Baba mdogo akanunua na kifuniko kipya bila kuombwa.

Tulibishana juu ya jambo moja tu: mwaga wapi? Ndani ya maji machafu kulikuwa na antijeli ya zamani kidogo. Dawa hiyo ni tamu na ni sumu. Mbwa huilamba akafa, na mtoto vilevile. Mtaro wa mbele ya nyumba unakwenda Mto Kanyosha, na Kanyosha unakwenda ziwani. Baba mdogo alisema ziwa ni kubwa. Nikamwambia, “Ni kweli, baba mdogo, lakini bomba letu linatoka humo humo.” Hakujibu. Akaenda kuleta madumu mawili, tukajaza, tukakaza vifuniko, nikaandika kwa makaa “SUMU” na chini yake “UBUROZI”. Yako nyuma ya jiko, juu ya tofali, mahali ambapo watoto hawafiki.