Fundi akikosea, msikilize kwanza kabla hujamhama



Leo naweka mbolea na viwavijeshi pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu pikipiki, maana bila hiyo mimi sifiki shambani kwako, na wewe gunia lako halifiki sokoni.

Ilikuwa Januari, mahindi yamefika magotini, wakati wa kukuzia. Jioni nilipeleka pikipiki kwa fundi wangu hapa Mpitimbi kubadilisha oili. Palikuwa na pikipiki nyingine tatu zinasubiri. Alipokuwa anarudisha bolti ya chini, ile ya kumwagia oili, simu yake ikaita. Akaizungusha kwa vidole, akapokea simu. Alipomaliza kuongea akamimina oili mpya, nikalipa, nikaondoka.

Asubuhi nikaona alama ya oili sakafuni, upana wa kisosi. Nikajisemea ni mabaki ya jana. Nilikuwa na miadi na kikundi cha wakulima upande wa Muhukuru, sikutaka kuchelewa. Njiani injini ikaanza kulia kama debe lenye mawe, nguvu ikaisha, ikazima. Nilipoinama kuangalia, bolti haikuwepo. Injini ya pikipiki zetu hizi hubeba oili kama lita moja tu, na ikimwagika hakuna akiba. Chuma kinasuguana na chuma.

Nilimpigia fundi. Alikuja amepakiwa na mwenzake, akapapasa chini ya injini, akasema, "Bwana Shamba, hili kosa ni langu. Sikukaza." Hakusingizia barabara, wala pikipiki kuwa kuukuu.

Sikumjibu vizuri. Jioni hiyo nikakaa dukani nikawaambia watu wasipeleke pikipiki zao kwa yule kijana. Unajua maneno ya Bwana Shamba yanavyotembea kijijini. Ndani ya wiki moja vijana wa bodaboda wakaanza kumkwepa.

Mmoja wao akaniuliza, "Ni kweli alikuua injini?" Nikasema kweli. Akauliza tena, "Na ni kweli alikuja mwenyewe akakubali kosa?" Nikasema kweli. Akasema, "Sasa mbona hilo la pili hukutuambia?"

Nilikosa jibu. Usiku nikamkumbuka mama mmoja ambaye msimu wa nyuma nilimwambia aweke Urea juu ya udongo bila kufukia, kwa kuwa wingu lilikuwa zito na niliamini mvua ingenyesha kesho yake. Mvua haikunyesha siku nyingi. Urea ikikaa juu bila mvua wala kufukiwa, sehemu ya nguvu yake hupotea hewani. Mahindi yake yalibaki na rangi ya njano. Angeweza kunitangaza dukani. Badala yake msimu uliofuata alinifuata akauliza, "Bwana Shamba, mwaka huu tunafukia?" Tulifukia.

Basi nikarudi dukani, nikasema na ile nusu niliyoificha. Kisha nikaenda kwa fundi tukakaa chini. Pistoni, ringi na kuchonga silinda vilitaka shilingi 120,000. Tulikubaliana kazi aifanye bure, na gharama hiyo tugawane nusu kwa nusu. Nusu yangu ilikuwa ya ile alama ya oili niliyoiona nikaipuuza. Alilipa kwa mara tatu, bila kukumbushwa. Pikipiki hiyo naiendesha mpaka leo.

Ndugu msomaji, sisemi umvumilie kila fundi. Ninachokuomba ni kupima kosa na kumpima mtu. Mimi sasa nafanya hivi:

1. Siendi kufanya sevisi jioni ya kuamkia safari. Naenda siku ambayo nina muda wa kukaa pale mpaka mwisho.

2. Chupa ya oili ifunguliwe mbele yangu. Bolti ya chini ikazwe kwa spana nikiona, lakini isikazwe kwa hasira, maana kava la injini ni la aluminiamu na meno yake huisha haraka.

3. Kabla ya kuondoka nawasha injini dakika mbili, nazima, nasubiri kidogo, halafu naangalia kipimo cha oili na kuchungulia chini.

4. Usiku naweka kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi nikikuta tone jipya, siondoki mpaka nijue limetoka wapi.

5. Naandika kwenye daftari tarehe, kilomita, kilichofanyika na kiasi nilicholipa. Siku ya ubishi, daftari halisahau.

Likitokea kosa, usimruhusu mtu mwingine afungue injini kabla fundi wa kwanza hajaiona. Ikishaguswa na mikono miwili, hutajua kosa ni la nani. Kaeni mkiwa na shahidi mmoja, mkubaliane nani analipa spea, nani anabeba ufundi, na lini.

Ni lini umhame? Akikana jambo lililo wazi, akirudia kosa lile lile mara ya pili, au akifanya uzembe kwenye breki. Injini ikifa utatembea kwa miguu, lakini breki ikifa huenda usifike nyumbani.

Fundi wa kijijini ana faida moja kubwa: unajua anapolala, naye anajua kesho mtakutana kisimani au msibani. Wa mbali anaweza kuwa hodari zaidi, ila ukikwama porini na magunia mawili ya mahindi nyuma, huyu wa karibu ndiye atakayekuja na spana.

Nilipompelekea tena pikipiki, simu yake iliita akiwa ameshika ile bolti. Aliitazama, akaiacha iite mpaka ikanyamaza, akamalizia kukaza.

Kazi njema, na ukaangalie chini ya pikipiki yako leo.