Ukoka Wangu wa Geita
Nilipoolewa huku Geita, uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu. Vitambaa vya wateja vikawa vyekundu hata kabla sijavikata. Jirani akanishauri nisawazishe kwa mchanga wa marudio, bei chee. Nusura nikubali. Kumbe mchanga ule hutoka kwenye kuoshea dhahabu, una zebaki, na wanangu hucheza chini!

Nikanunua udongo wa shambani. Mvua za Novemba zilipoanza nikapanda ukoka, kipande kimoja kila shubiri. Kiangazi naumwagilia jioni kwa maji ya udhu tunayokinga kwenye beseni. Msiufyeke hadi chini, jua litaunguza mizizi.

Bibi harusi wa juzi alijaribia gauni lake uwanjani. Pindo likaburuzika, likabaki jeupe.